Mkono wa Hosea Kwenye Sinema

Kambi ya Miwa, chini ya Moshi
3 Machi 2024

Mpendwa Dada Yuditha,

Shikamoo dada. Hujambo wewe, hawajambo mbuzi wako, na yule jogoo mwenye kiburi bado yupo au mmeshamla? Mimi huku mzima kama reli, ila mbu wa kwenye miwa wana meno kama ya mamba. Mlima leo umejifunga shuka mpaka shingoni, kwa hiyo sijui Mbokomu kuna mvua au kuna jua. Baba goti lake linaendeleaje? Usimwambie nimeuliza.

Sasa tafuta kigoda ukae. Kampuni ya sinema kutoka Dar imefika hapa kambini! Kuna ule uwanja wa nyasi walioacha wazungu wa zamani, na hawa watu wanataka kupiga humo sinema ya mcheza kriketi aliyeanguka, akafungiwa, akadharauliwa na nchi nzima, halafu akarudi akashinda. Dada, hiyo si hadithi yangu tupu? Tena hawakujua. Dairekta anaitwa Given, kijana wa hapo Shirimatunda aliyekwenda Dar akarudi na miwani ya jua anayoivaa hata ndani ya nyumba. Akauliza nani hapa anajua kurusha mpira wa kriketi. Wakata miwa wote, wa Kigoma, wa Singida, wa Mbeya, wakaninyooshea kidole mimi. Nilirusha mpira mmoja tu. Vijiti vitatu vililala chini kama walevi wa mbege. Given akavua miwani.

Kwa kifupi, mdogo wako ndiye mwigizaji mkuu. Mimi niliyekunywa chai Windhoek na kulala hoteli ya lifti Dubai, nilijua tu dunia haijanisahau.

Kazi ya maji ya kumwagilia miwa naendelea nayo. Nafungulia, nafunga, nafungulia, nafunga. Huku miwa ni mbele na nyuma, mtu ukinyoosha mikono unaigusa pande zote mbili, na juu unaona kipande cha mbingu chembamba kama utepe. Maji yenyewe yametoka huko kwenu. Huwa nayaangalia nikasema, haya yamepita kwenye mfongo wa Baba, ule mfereji wa shambani, leo asubuhi, na hakuna aliyeyazuia mlangoni.

Barua muachie Digna wa ndizi, nitaichukua kwenye meza yake pale Majengo nikitoka Jumamosi.

Ni mimi mdogo wako,
Hosea

*

Mbokomu
17 Machi 2024

Mdogo wangu Hosea,

Marahaba. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mbuzi mmoja kazaa mapacha. Jogoo tulimla Krismasi, na wewe ungekuwepo ungepata paja. Goti la Baba linamsumbua kwenye mteremko tu. Hajauliza habari zako, lakini Digna akipita kuchukua ndizi, Baba anamkalisha na kumkatia ndizi kubwa kuliko za wengine, na Digna anakaa hapo akisimulia habari za Majengo mpaka anafika kwako. Baba anajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Nimefurahi kwa hiyo sinema. Lakini nikuambie neno kama dada yako. Ni miaka tisa sasa. Baba alisema nini? Hakusema usirudi. Alisema mlango wa nyumba hii hautakuona mpaka ulete jani la isale mbele ya watu walewale waliokuombea siku unaondoka. Usharika mzima ulikuwekea mikono kichwani, Hosea. Baba alichinja. Halafu ukaenda na timu ya taifa huko ugenini ukakanyaga nje ya mstari makusudi, ukarusha mipira mibovu kwa sababu mtu wa kamari pale hotelini alikupa simu ya kioo kikubwa. Redio ikatangaza kwamba umefungiwa, na Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la wazee wa kanisa akisubiri ibada ianze.

Isale haikataliwi. Tangu mababu, mtu akikuletea lile jani, hata kama alikuchomea nyumba, unampokea. Baba alikuwekea njia nyepesi kuliko zote. Majani yenyewe yameota kwenye mpaka wote wa kihamba, shamba letu la migomba, ni kuchuma tu. Unangoja nini?

Dada yako,
Yuditha

*

Kambi ya Miwa
14 Aprili 2024

Mpendwa Dada Yuditha,

Shikamoo, na pole na mvua. Huku tope limefika magotini. Lori la sinema lilinasa na tukalisukuma watu arobaini, mwigizaji mkuu nikiwa mbele.

Kuhusu lile jani. Dada, mimi ni mtu niliyepiga picha na mabalozi. Nisimame mbele ya kina mama wa kwaya nimeshika jani kama mbuzi aliyekamatwa shambani kwa watu? Na wale vijana wa usharika wanaocheka hata kwenye mahubiri? Siwezi.  Nilishapanda gari pale stendi mara nyingi, Digna shahidi, na kila mara nimeteremka kabla halijajaa. Sasa imekuwa hivi: Baba hawezi kurudisha maneno aliyoyasema mbele ya watu, na mimi siwezi kusimama mbele ya watu. Kila mtu yuko ndani ya zizi lake na funguo ziko nje.

Lakini sinema! Sinema itamaliza yote. Watu wakiniona nimeinuliwa mabegani, nani ataulizia jani? Kamera inanipenda, hasa upande wa kulia. Wananipiga picha kwa karibu kabisa, karibu mno, mpaka vinyweleo vinaonekana. Given anasema mkono wangu una maisha yake wenyewe. Yupo na kijana mwingine humu, Ebenezeri, yule wa tamthilia za televisheni, mzuri wa sura ila akirusha mpira utafikiri anafukuza kuku kwenye mahindi. Tunasaidiana naye.

Waambie watu wa huko wajiandae.

Mdogo wako,
Hosea

*

Mbokomu
5 Mei 2024

Mdogo wangu Hosea,

Marahaba, na hapa tu wazima. Nimewaambia. Nilianza na mke wa mchungaji, na ukimwambia yeye umeokoa nauli ya kuzunguka. Siku hizi kwenye mnada wa mazao baada ya ibada, mtu akinunua mkungu wa ndizi ananiuliza, mama, Hosea wenu anatoka lini kwenye sinema? Nami najibu kwa mapozi, nakuambia ukweli, kama mwenye sinema ni mimi.

Baba alinikuta nikisimulia kwa jirani.  Akapita mpaka kwa mbuzi, akarudi, akasema, huyo mtu anayeigiza, amepewa sehemu ya kusema au ya kupita tu? Nikamwambia ndiye mkuu. Akasema hm. Ni neno la kwanza kusema juu yako ndani ya kiwanja hiki tangu siku ile, Hosea. Hm.

Kwa hiyo niandikie vizuri, sehemu yako inaanzia wapi na inaishia wapi, niweze kumsimulia.

Dada yako,
Yuditha

*

Mbokomu
11 Agosti 2024

Hosea,

Hujambo? Sisi hatujambo ila tuna wasiwasi. Tangu Mei nilipokuandikia hujajibu. Digna anasema ukifika Majengo unanunua chumvi na kurudi, na ukiulizwa habari za sinema unasema unawahi maji. Wewe uliyekuwa husikilizi kengele ya chakula ukianza kusimulia, leo unawahi maji?

Nina habari njema. Mchungaji kaongea na huyo Given wako. Kumbe walipiga sehemu fulani huku juu, kwenye migomba, na wakaahidi kuja kuionyesha kwa wananchi kama shukrani. Itaonyeshwa ukumbi wa usharika, Jumapili ya tarehe kumi na tano Septemba, baada ya mnada. Kina mama watafunika madirisha kwa khanga kuwe na giza.

Na Baba atakuja. Kaagiza nimnyooshee koti.

Dada yako,
Yuditha

*

Kambi ya Miwa
18 Agosti 2024

Dada Yuditha,

Shikamoo. Natumaini mko salama, mimi siko salama hata kidogo.

Zuia hiyo sinema. Mwambie mchungaji umeme utakatika, mwambie Baba goti litavimba, mwambie yeyote chochote. Dada, mimi simo. Nimo mkono tu. Kuanzia hapa kwenye kiwiko mpaka kwenye kucha. Ebenezeri ndiye uso, ndiye anayelia, ndiye anayebebwa mabegani. Mpira ukitakiwa kurushwa ndipo wanamtoa, wanamvua shati wananivika mimi, wanapiga picha mkono wangu, wananivua. Nilidhani watabadilisha mawazo wakiniona nilivyo na sura. Siku ya mwisho walimpa kila mtu fulana ya kumbukumbu, mimi nikapewa mkono mmoja wa kushikana.

Tena hiyo ningeivumilia, mimi ni mtu wa kuchekesha, ningecheka pamoja nao. Kuna baya zaidi. Mle ndani wameweka isale. Given alisikia habari zake kwa bibi yake akaona italeta ladha ya Kilimanjaro. Yule mcheza kriketi anampelekea baba yake jani, na yule mzee wa Dar anayeigiza baba analipokea, analitazama, analitupa chini. Nilimwambia Given, bwana mdogo, hilo halipo. Huku isale haitupwi, utawatoa watu roho. Akasema mzee, hii ni drama, watu wa Dar hawajui, bila baba kukataa hakuna machozi.

Na ule mkono ulioshika jani ni wangu. Kwa sababu walishauonyesha kwa karibu ukirusha mpira, na hiki kidole cha kati kilichopinda kinaonekana, ikabidi uwe mkono uleule. Kwa hiyo mbele ya usharika uleule, Baba akiwa amekaa na koti lake, mkono wangu utanyoosha jani na litatupwa chini. Atasema nimemfanyia kejeli. Nimetega mtego nikaingia mwenyewe, na kelele za kuwaita watu waje waone nimepiga mwenyewe.

Jumapili hiyo nitakuwa kwenye zamu ya maji. Niliomba iwe hivyo.

Mdogo wako,
Hosea

*

Mbokomu
16 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Nimeona barua yako kwa Digna jana asubuhi, mlangoni mwa kanisa, tayari nimemshika Baba mkono. Alikuwa nayo kwenye kapu wiki tatu nzima, aliisahau chini ya ndizi mbivu. Ningefanya nini? Watu walikuwa wamejaa mpaka ngazini.

Nikusimulie kama ilivyokuwa. Sinema yenyewe ni mbaya, Hosea. Nilikuwa nimejiandaa kulia na sikupata nafasi. Huyo Ebenezeri analia kabla hajaambiwa habari. Imeiva haraka kama ndizi za kufukizwa, ukimenya ndani bado. Wazee walianza kusinzia. Wenye watoto wakatoka kuwanyonyesha. Mke wa mchungaji akanigeukia kila dakika, Hosea yuko wapi? Nikawa najibu, anakuja, anakuja, na jasho linanitoka.

Mpira wa kwanza uliporushwa, nikaona mkono wako. Nikamtazama Baba. Alikuwa amekaa mgongo wima, hakuegemea. Akanyanyua mkono wake mwenyewe akakishika kidole cha kati, kama mtu anayepima pete.

Ikafika ile sehemu. Mkono wako ukajaa ukuta mzima wa ukumbi. Jani likatetemeka kidogo. Yule mzee wa Dar akalitupa. Ukumbi wote uliguna kama ng'ombe. Bibi Elisifa akajifunika uso kwa khanga akasema, mtu gani huyo hana wazazi. Nami nikafumba macho.

Nilipoyafumbua Baba alikuwa amesimama mbele, kwenye njia ya mwanga, kivuli chake kimeziba sinema yote. Akamwambia Given asimamishe mashine. Given akasimamisha.

Baba akauliza, "Huo mkono ni wa nani?"

Given akasema ni wa mfanyakazi mmoja wa kule kwenye miwa, walimtumia kwa mkono tu.

"Ana jina," Baba akasema. "Ni Hosea Nikodemo. Kidole hicho kilivunjwa na mpira akiwa darasa la saba, na mimi ndiye niliyekifunga kwa ganda la mgomba."

Akachukua fimbo akatoka. Hakungoja mwisho. Wengine nao wakatoka, kwa hiyo mpaka leo hatujui yule Ebenezeri alishinda au hakushinda, na hakuna aliyeuliza.

 Amekaa nje, upande wa mpaka, kwenye masale. Sijui ni hasira au ni nini. Chai nimempelekea, kainywa.

Dada yako,
Yuditha

*

Kambi ya Miwa
22 Septemba 2024

Dada Yuditha,

Shikamoo dada. Huku nipo, mzima wa mwili.

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye mfereji mpaka maji yakanipita na kufurika shamba la watu, msimamizi amenitukana kwa lugha ya kwao, na sikumjibu, kwa hiyo ujue hali yangu.

Nataka umsomee Baba hii. Usipunguze.

Baba, shikamoo. Usidanganyike na ule mkono. Nilikuwa kazini. Given alisema nyoosha, nikanyoosha. Akasema tetemesha kidogo, nikatetemesha. Tulirudia mpaka jani likanyauka wakaleta jingine, na muda wote nilikuwa nawaza wali wa mchana. Sikuwa nimekuja kwako. Kama watu wa usharika wanasema Hosea ameleta isale, waambie hapana, hajaleta. Niliwahi kukuletea mipira ya uongo mbele ya nchi nzima. Sitaki nikuletee na jani la uongo.

Kuna kitu kimoja tu nitakisema, si kwa kujitetea. Walipomaliza, wakapakia mitambo yao wakaondoka, na lile jani likabaki pale chini kwenye tope, limekanyagwa na mtu wa taa. Nililivuka nikaenda zangu. Nikarudi. Nikaliokota, nikaliosha kwenye mfereji, nikalileta chumbani nikalichomeka juu ya mlango. Limekauka. Wenzangu wa Singida wananiuliza ni dawa ya nini, nawaambia ya mbu. Sikuweza kuliacha limelala chini, Baba, ndiyo hayo tu.

Dada, leo sina mzaha. Utanisamehe.

Mdogo wako,
Hosea

*

Mbokomu
29 Septemba 2024

Mdogo wangu Hosea,

Marahaba. Hatujambo wote, na mapacha wa mbuzi wameshaanza kupigana vichwa.

Nilimsomea. Nilikaa naye palepale kwenye masale nikasoma yote, hata ile ya wali. Nilipofika kwenye wali alitikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Nilipofika kwenye jani la juu ya mlango akaacha kucheka. Akaniambia nirudie hapo. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

Nikaanza kukunja karatasi. Ndipo akasema, "Mwambie hata mimi siku ile nilikuwa kazini. Nilikuwa mzee wa kanisa."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema alipoyatamka yale maneno hakuwa akikutazama wewe, alikuwa akitazama benchi la wazee. Wakatingisha vichwa, akaona amesema vizuri. Kufika nyumbani akaona amejifungia. Mwaka hadi mwaka alitamani mtu amwambie Nikodemo, yatosha, na hakuna aliyesema, kwa sababu kila mtu aliogopa koti lake. Alikuwa hata na wazo la kwenda mwenyewe huko kwenye miwa kwa siri, akiwa na jani mfukoni akupe wewe umletee. Akaona aibu. Hosea, mimi nimeishi naye nyumba moja na sikujua.

Jana aliwaita wazee wawili, Mzee Eliufoo na Mzee Basili. Aliwauliza, jani lililetwa mbele ya watu walewale? Wakasema ndiyo. Lililetwa na mkono wake mwenyewe? Wakasema wa kwake, kidole tumekiona. Basili akataka kuongeza kwamba ilikuwa ni sinema. Baba akamwambia, Basili, nipishe. Akapishwa.

Anataka kuandika mwenyewe hapa chini. Mkono wake umekuwa mzito siku hizi, soma taratibu.

Dada yako,
Yuditha

Hosea,

Kalamu hii ni ya Yuditha, haiandiki vizuri. Nimepokea. Aliyelitupa chini ni yule mzee wa Dar, si mimi. Wewe lete lile lililokauka, tutalichomeka mpakani, likiota sawa, lisipoota sawa.

Njoo mchana, upite mlango wa mbele.

Kile kidole nilikifunga vibaya. Nilikiona siku ileile nilipofungua ganda, nikakuambia kimenyooka.

Baba yako